Siku Tuliyomwogeshea Thurman Mota Zake

Mimi na Thurman Gearhart tuliacha shule wiki moja, tukiwa na miaka kumi na miwili. Yeye aliacha kwa sababu baba yake alivunjika mguu mgodini. Mimi niliacha kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha. Usicheke. Uliza mtu yeyote hapa Stony Fork, atakwambia Clete Wimmer ana akili, ila atakwambia kwa shingo upande.

Thurman alikuwa mrefu kama nguzo ya simu na mwembamba vilevile, na kazi aliyopewa kwenye karakana ya reli ilimkaa kwa umbo: kubadilisha balbu. Wenzake wote wa umeme walihitaji ngazi. Kwanza hakuwa na wenzake. Sisi tulikuwa mia tatu, watu wa mvuke, watu wa boila na nyundo na masizi mpaka kwenye meno. Umeme ulikuwa Thurman peke yake, na kachumba kake kadogo nyuma ya stoo ya misumari.

Halafu alikuwa na tabia moja. Akishika kitu chochote chenye waya, mkono wa kushoto anauingiza mfukoni. Anafanya kazi kwa mkono mmoja kama bwana harusi anayepigwa picha.

"Thurman," namwambia, "huo mkono unautunzia nini? Unataga?"

"Mikono miwili ikigusa, umeme unapita kwenye moyo," anajibu. "Mmoja ukigusa, unapata mshtuko tu, unatukana, unaendelea."

"Mimi ningetumia yote miwili na bado ningetukana."

"Wewe, Clete, ungetumia mitatu kama ungekuwa nayo."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi naye. Tulimwita Bwana Mfuko. Aliitika.

Na mimi sasa, ili usije ukadhani unasimuliwa na mtu hivi hivi tu, nilikuwa mkuu wa waosha vichwa vya treni. Huku kwetu milimani Virginia, kichwa cha treni kikienda kuonekana na wakubwa, lazima kiogeshwe. Maji ya moto, magadi, mpira wa maji wenye presha ya kumtoa ng'ombe ngozi, kuanzia juu ya bomba la moshi mpaka chini kwenye ekseli. Kisha unafuta kwa tambara la mafuta ya taa. Kichwa kikitoka mikononi mwangu, hata ndevu unanyolea hapo. Hakuna mtu kwenye bonde lile, na mabonde mawili ya jirani, aliyeosha kama mimi.

Mwaka hamsini na nne kampuni ikatuletea lile dude. Refu, jeusi, pua mbele kama beseni lililogeuzwa. Ndani lina boila na makaa ya mawe kama vyetu, hapo hatukuwa na neno. Lakini mvuke wake hausukumi magurudumu. Unaingia kwenye turbini, yaani gurudumu la mapanga madogo madogo, linazunguka kama kichaa. Turbini inazungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme. Umeme unateremka kwenye nyaya nene kama mkono wangu, na mkono wangu si mdogo, mpaka kwenye mota kumi na mbili huko chini, moja kwa kila ekseli.

Okey Ratliff, dereva mzee wa kichwa chetu cha kupangia mabehewa, shemasi wa kanisa la Wabaptisti, alilizunguka mara moja, akatema tumbaku.

"Yaani wanachemsha maji, ili wapate umeme, ili wazungushe gurudumu? Si wazungushe tu hilo gurudumu?"

Tukacheka mpaka Thurman naye akacheka. Lakini kesho yake yeye ndiye aliyekabidhiwa mota zote kumi na mbili. Kutoka balbu mpaka mota, bila hata kupanda ngazi. Akapewa sehemu yake, akapewa benchi, akapewa mita ya kuzungusha kwa mkono. Unafunga waya wake mmoja kwenye mota na mwingine kwenye chuma, unazungusha kikono, sindano inapanda. Ikipanda juu, mota ni kavu na salama. Ikilala chini, mota ina maji au ina jeraha, ukiipa umeme mkali inapiga shoti. Mpaka wa usalama Thurman aliuchora kwenye kioo cha mita kwa rangi ya kucha ya mkewe, Delphia. Mstari mwekundu. Sindano ikiuvuka, twende. Isipouvuka, hatwendi.

Kiwanda kilicholitengeneza kilihesabu mota kuanzia mbele, karakana yetu ikahesabu kuanzia nyuma, ikawa kila mtu anafungua mota isiyo yake. Thurman akamaliza ubishi: akachukua chaki akaandika kwenye kila kifuniko jina la shangazi wa Delphia. Delphia ana mashangazi kumi na wawili, na wote ni wanawake wa kukumbukwa. Shangazi Icie, Shangazi Verbena, Shangazi Modena, mpaka wakaisha.

Taabu ni kwamba mashangazi walipenda kuugua. Vumbi la makaa linaingia, mvua inaruka kutoka kwenye reli, mara mbili dude likakwama mlimani na mabehewa ya makaa nyuma yake. Ijumaa moja, wakati wa chakula, msimamizi wetu Bwana Pruitt akaja akasimama mbele ya Thurman na watu wote tunasikia.

"Kesho saa nane mchana wakubwa wanakuja. Dude likifikisha mzigo juu ya mlima, linabaki, na sehemu yako inabaki. Mota zikizingua tena, linarudi kiwandani na sehemu ya umeme naifunga."

"Na mimi?"

"Balbu nimeshampa mtu mwingine, Thurman. Sina pa kukuweka."

Kila mtu alijua maana yake. Kaka zake Thurman wote watatu walishahamia kaskazini, kwenye viwanda vya magari, wanarudi mara moja kwa mwaka na kofia mpya. Thurman peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu Delphia ana baba mgonjwa ambaye hawezi kusafirishwa, na Delphia hamwachi.

"Uende," nilimsikia Delphia akimwambia jioni ile kwenye kibaraza chao, mimi nikiwa nimepita kuazima msumeno. "Mimi nitabaki na baba. Tutakuwa tunaonana Krismasi, kama soksi nyekundu za zawadi, zinazotolewa sandukuni mara moja kwa mwaka."

Delphia alikuwa anacheka, lakini alikuwa anacheka huku ameshika nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili.

Nikarudi nyumbani bila msumeno. Na hapo ndipo nikapata wazo. Lilikuwa wazo langu, sikusaidiwa na mtu, na lilikuwa zuri sana.

Kulipokucha Jumamosi nikawakusanya waoshaji wangu sita. Nikawaambia: mwaka mzima tumemcheka huyu mtu, leo anakwenda mbele ya wakubwa, je, atakwenda na mashine chafu? Hakuna aliyelipwa. Tuliosha lile dude kama mtoto wa kubatizwa. Thurman alipotokea saa moja na nusu na kopo lake la chakula, tulikuwa tumejipanga mstari, kofia mkononi, na dude linang'aa mpaka linatia aibu jua.

"Haya," nikasema, "toa neno moja, usilie sana."

Thurman aliangalia juu. Akatabasamu kweli. Halafu akaangalia chini, na kule chini kulikuwa kunadondoka, to, to, to.

"Clete. Mmeosha na chini?"

"Chini ndiko kwenyewe! Chini sikumwachia mtu, nimeosha mwenyewe."

"Na yale matundu ya kupumulia mota?"

"Ndugu yangu, kulikuwa na vumbi humo! Nimeingiza mpira mpaka ndani. Mashangazi wote kumi na wawili wamekoga."

Thurman akakaa kwenye reli. Akaweka mikono kichwani, yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuuona ule wa kushoto karibu na kazi.

Hakutukana. Hilo ndilo lililoniuma. Angetukana ningemjibu. Alichukua mita yake, akafunga waya kwa Shangazi Icie, akazungusha. Sindano ikalala pale pale ilipokuwa. Akaenda kwa Verbena. Imelala. Modena, imelala. Nikamfuata nyuma nikihesabu, na kwa kila shangazi nilijisikia nafupika kidogo.

"Si tutazikausha?" nikauliza. "Kuna ile oveni yako ya kukaushia mota."

"Oveni inachukua mota moja kwa muda wa saa kumi. Na kuzishusha tu ni kazi ya wiki."

"Basi upepo wa kompresa."

"Pulizeni. Utatoa maji ya juu. Yaliyoingia kwenye koili hayatoki kwa kupuliza."

Tukapuliza. Thurman akatoa mkate wake wa nyama ya nguruwe, akatafuna akiangalia reli. Saa mbili na nusu akaacha kutafuna.

"Nani ana kichwa cha mvuke chenye moto saa hizi?"

Wote tukageuka tukamwangalia mzee Okey, aliyekuwa amekaa kwenye dirisha la kichwa chake kizee, anakunywa kahawa na kufurahia mambo ya wengine.

Thurman akamwendea, akavua kofia.

"Mjomba Okey, nakuomba unisaidie. Nataka nikufunge nyuma ya dude, ufunge breki, nikuvute."

"Univute?"

"Polepole, kwa mwendo wa kobe. Mota ikivuta mzigo mzito kwa umeme mpole, inapata joto kwa ndani, kama mtu anayekazana. Joto hilo litafukuza maji. Bila mzigo haipati joto. Kwa umeme mkali itapasuka. Kwa hiyo nataka mzigo unaokaa kimya."

"Nivutwe kinyumenyume?"

"Kinyumenyume, Mjomba."

"Hapa yadi? Jumamosi? Watu wote wako dukani, ng'ambo ya reli?"

"Ndiyo. Na Mjomba, usije ukafungua mvuke hata kidogo. Ukishindana na mimi umeme unaruka, na shangazi mmoja akipiga shoti, mimi kwisha."

Okey akanywa kahawa yake yote kabla ya kujibu. "Mwanangu, miaka thelathini na nane hakuna kitu kilichonivuta." Akanitazama mimi. "Ila na huyu aliyeosha apande humu na mimi. Sitaki kuaibika peke yangu."

Basi bwana, tukafungwa mkia kwa mkia. Dereva wa dude akafungua umeme kidogo, likaanza kusogea. Mvuke wetu ule wa kawaida hauwezi kwenda hivyo. Unaruka, unasita, unaruka. Dude lilitambaa kama asali. Magurudumu ya Okey, breki zimekaza, yakalia kwenye reli kiiiiii, sauti ya kuamsha makaburi. Yadi ina urefu wa hatua mia nane. Mwisho wa yadi linasimama, Thurman anapima, tunarudi kwa kusukumwa, tunaanza tena. Safari ya tatu, matundu ya mota yakaanza kutoa moshi mweupe. Nikashtuka.

"Si moshi," Thurman akapiga kelele kutoka chini. "Ni maji! Mashangazi wanatoka jasho!"

Kwa kelele ile, ungetegemea nini? Duka lote likahamia kwenye uzio. Hakuna aliyewaeleza, wakajieleza wenyewe: mvuke wa zamani unashindana na dude jipya, kuvutana, na mvuke unashindwa. Watoto wakashangilia. Wamethodisti wakaja kwa wingi, maana Okey ni shemasi wa Wabaptisti. Na katikati yao, na kikapu chake cha maandazi ya tofaa, akatokea Bi Hester, mke wa Okey.

"Okey! Unavutwa!"

"Najua navutwa, Hester!"

"Na mashine ya balbu!"

"Nenda nyumbani, Hester!"

"Miaka thelathini na nane nafua masizi yako, leo unaniaibisha mbele ya Wamethodisti?"

Wamethodisti wakasema amina.

Okey akawa mwekundu kuanzia kwenye kola kupanda juu. Alivumilia safari ya nne. Akavumilia ya tano. Ilipofika saa sita, mashangazi tisa walikuwa wameshavuka mstari mwekundu, na Thurman alikuwa anakimbia kutoka kifuniko hadi kifuniko, mkono mmoja mfukoni, anaita majina kama karani wa harusi: "Icie kavuka! Arbutus kavuka!" Wamebaki watatu. Delphia naye alikuwa ameshafika uzioni, hasemi kitu, anafuata ile mita tu kwa macho.

Safari ya nane, muuza duka mmoja Mmethodisti, mwenye sauti ya tarumbeta, akaita: "Shemasi! Ukichoka kuvutwa na umeme, njoo kwetu, sisi tunavutwa na Roho!"

Uzio wote ukalipuka kwa kicheko. Nikaona mkono wa Okey unaondoka kwenye goti lake. Ukaenda taratibu kwenye wenzo wa mvuke. Boila lilikuwa limejaa, presha mpaka juu, kichwa kizima kinatetemeka kwa hamu. Kidole kimoja tu, na tungeruka mbele na kulibeba dude kama kuku.

"Mjomba," nikasema, "bado watatu."

"Nitampa mara moja tu. Aone."

"Mara moja inatosha kummaliza Thurman."

"Wewe unajua nini? Si wewe unayechekwa."

Na hapo, msikilizaji, nikaona njia iliyobaki, na nikaichukia. Mimi sijawahi kukosea mbele za watu. Nimewahi kukosea mara mbili nyumbani, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Nikapanda juu ya rundo la makaa, nikavua kofia, nikapiga kelele kuliko zile breki.

"Watu wa Stony Fork! Hakuna mashindano hapa! Okey havutwi kwa kushindwa! Mimi, Clete Wimmer, nimejaza maji kwenye mota za Thurman! Nimeziosha kwa mpira! Okey anasaidia kuzikausha, na asingekuwa yeye Thurman angehamia kaskazini kesho!"

Kisha Bi Hester, "Umeosha nini?"

"Mota!"

"Za umeme?"

"Za umeme!"

"Kwa maji?"

"Ya moto, bibi! Na magadi!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Bi Hester aliweka kikapu chini ili acheke vizuri. Muuza duka aliegemea uzio ukapinda. Watoto wakaanza kuimba jina langu, na haukuwa wimbo wa heshima. Nikashuka kutoka kwenye makaa. Okey alikuwa ameuachia wenzo. Mikono yote miwili tumboni, anatikisika.

"Rudia," akasema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

"Mjomba, jamani."

"Rudia, ama nauvuta huu."

Nikarudia. Nilirudia mara tatu, ya tatu nikiwa nimegeukia upande wa kanisa la Wamethodisti. Na wakati huo wote Okey Ratliff, anavutwa kinyumenyume mbele ya mji mzima, alikuwa ameketi kama mfalme anayepitishwa barabarani, anawapungia watu kofia.

Verbena na mwenzake mmoja wakavuka saa saba kasoro. Modena alikuwa mkaidi. Sindano ilipanda ikafika chini kidogo tu ya mstari, ikagoma hapo safari mbili. Thurman akamfunua kifuniko, akampangusa kwa kitambaa cha kichwa alichorushiwa na Delphia juu ya uzio, akamfunga. Safari moja tena. Saa saba na nusu akazungusha mita, akaiangalia muda mrefu, akaiinua juu ya kichwa kumwonyesha Delphia. Kutoka kule asingeweza kuiona sindano, lakini aliuona uso wa mumewe.

Saa nane kamili dude lilifungwa mabehewa ya makaa ambayo ukiyaangalia mwisho wake huuoni. Wakubwa wakapanda na kofia zao. Thurman akapanda nyuma yao. Likaondoka bila kuruka, bila kusita, na sisi tukabaki yadi tunasikiliza. Mlimani kuna kona tatu, na mtu wa reli anajua kwa mlio wa honi treni iko kona gani. Kona ya kwanza. Ya pili. Baada ya hapo kukawa kimya kirefu, Delphia akaanza kula maandazi ya Bi Hester moja baada ya jingine bila kuyatazama. Halafu, mbali sana, kutoka kileleni, honi ndefu.

Delphia akaniangukia shingoni, akanipiga kofi, akanikumbatia tena. Vyote nilistahili.

Dude lenyewe halikukaa miaka mingi; boila lilikuwa na matatizo yake, na hayo sikuyaosha mimi. Lakini vichwa vya dizeli vilivyokuja baada yake vilikuwa na mota zilezile chini, na nani mwingine alizijua? Thurman akapewa karakana nzima. Watu wa mvuke tukawa wanafunzi wake, mimi nikiwa na miaka arobaini na kitu, nashika bisibisi kama kijiko. Alifanya kazi Stony Fork miaka ishirini na miwili zaidi, akamzika baba mkwe wake kwa heshima, na kila jioni alikula kwake.

Kitu kimoja tu alichonifanyia kibaya. Juu ya mlango wa karakana alipanda mwenyewe, bila ngazi, akaandika kwa rangi nyekundu: CLETE HARUHUSIWI KUINGIA NA MAJI, HATA YA KUNYWA. Maandishi yapo mpaka leo. Vijana wapya wakija wananiuliza, mzee, huyu Clete alikuwa nani?

Nawaambia alikuwa mwoshaji hodari kuliko wote katika mabonde matatu.